Mwanangu ameitwa misheni Nairobi: siku zake zitakuwaje?

SWALI: Mwanangu wa kwanza ana miaka 20. Alipokuwa akisoma Dar es Salaam alibatizwa katika kanisa la Wamormoni, nasi tukapata habari mambo yakiwa yameshapita. Sasa amepokea barua kwamba ameitwa kuwa mmisionari Nairobi kwa miaka miwili, na anasema hatalipwa mshahara. Sisi ni Wakatoliki, na wamisionari tunaowajua ni mapadri na masista waliosomea kazi hiyo miaka mingi. Naomba nielezwe bila kufichwa: atakuwa anafanya nini kutwa nzima katika jiji kama lile, atakula wapi, ataishi na nani, na bibi yake ambaye ni mgonjwa akifariki, je, ataruhusiwa kuja kuzika? — Mama, Mwanza.

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi mambo ambayo wazazi wengi huyanyamazia hadi siku ya safari. Mimi si muumini wa kanisa hilo. Nimefundisha historia ya makanisa ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na katika kazi hiyo nimezungumza na vijana wengi waliomaliza misheni, wakiwemo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wamarekani. Nitakueleza yale yaliyomo katika kanuni zao, pamoja na yale ambayo vijana hao huyasimulia kwa namna inayofanana. Kwa jumla, maisha ya mmisionari huyu yanashikiliwa na vitu viwili, yaani ratiba na mwenzake wa kazi, na ugumu mkubwa atakaoupata mwanao utatokana na hivyo viwili kuliko njaa au vibaka wa jijini, ingawa vibaka nao nitawagusia.

Kanisa lenyewe linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City, Marekani. Tangu mwaka 2018 viongozi wake wamesisitiza liitwe kwa jina hilo kamili, kwa hiyo usishangae mwanao akikusahihisha kwa upole unapotamka "Wamormoni", jina lililotokana na Kitabu cha Mormoni, ambacho wao hukihesabu kuwa maandiko matakatifu pamoja na Biblia. Vijana walioko misheni duniani kote kwa wakati mmoja wanazidi 70,000. Wavulana huanza wakiwa na miaka 18 na hutumikia miaka miwili. Wasichana hutumikia miezi 18, na nao, tangu tangazo la Novemba 2025, wanaweza kuanza wakiwa na miaka 18. Hakuna anayejichagulia mahali. Kijana hupeleka maombi kupitia askofu wake, ambaye kwao ni kiongozi wa kusanyiko moja tu la waumini, hupimwa afya, kisha hungoja wito kutoka makao makuu, na akiambiwa Nairobi ni Nairobi, akiambiwa Accra ni Accra.

Hapo ndipo tofauti na wamisionari unaowajua inapokuwa kubwa. Mapadri Weupe waliofika kwenu kandokando ya Ziwa Victoria katika karne ya 19 walikuwa watu waliosoma falsafa na teolojia kwa miaka, na wengi wao walizikwa hukuhuku. Mwanao atapata mafunzo ya wiki chache tu, wiki ya kwanza akiwa nyumbani mbele ya kompyuta au simu, halafu miaka miwili ikiisha atarudi kuendelea na masomo, kazi na ndoa. Katika kanisa hilo hakuna mapadri waliosomea seminari, na hata askofu wa kata ni mtu mwenye kazi yake ya kumpatia riziki, anayehudumu bila mshahara. Mvulana wa umri wa mwanao huwa ameshapewa ukuhani, ambao kwao hupewa wanaume waumini wa kawaida, ndiyo maana kwenye kile kibao cheusi cha kifuani ataandikwa cheo cha Mzee pamoja na jina la ukoo. Sihesabu ufupi wa mafunzo hayo kuwa udanganyifu, kwa maana kanisa linaliweka wazi. Hata hivyo, unapaswa kujua kwamba anayekwenda kufundisha dini ni kijana ambaye bado anajifunza, na sehemu kubwa ya siku yake imepangwa kwa kulizingatia hilo.

Kuna jambo jingine utakalolisikia mitaani, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu kwanza. Hadi Juni 1978 kanisa hili halikuruhusu wanaume wenye asili ya Kiafrika kupewa ukuhani, wala halikuwaruhusu watu weusi, wanaume kwa wanawake, kupokea ibada kuu za hekaluni, jengo lao takatifu lililo tofauti na makanisa ya ibada za Jumapili. Katazo hilo liliondolewa wakati wa rais wa kanisa Spencer W. Kimball, na mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo rasmi ya kuzikana nadharia zilizokuwa zikitumiwa kulitetea. Ndiyo sababu mojawapo ya kanisa hili kuwa changa kwetu. Nchini Kenya lilitambuliwa rasmi mwaka 1991, mwaka huohuo misheni ya Nairobi ikaanzishwa, na hekalu la Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025 tu. Mwanao ataulizwa juu ya katazo lile akiwa ndani ya matatu, sokoni na sebuleni mwa watu, na wanaouliza watakuwa Waafrika wenzake. Muulize na wewe kabla hajaondoka. Akiweza kukujibu wewe kwa ukweli, ataweza kuwajibu na wao.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ratiba ya kawaida inamtaka aamke saa kumi na mbili na nusu asubuhi na alale saa nne na nusu usiku, na rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wote wa eneo hilo, ana ruhusa ya kuisogeza kidogo kulingana na mazingira. Akiamka atasali, atafanya mazoezi ya mwili kwa nusu saa, ataoga na kufungua kinywa. Baada ya hapo ni kusoma, kwanza kila mtu peke yake, kisha wawili pamoja, wakiandaa masomo ya siku hiyo na kupanga ni nani watamtembelea saa ngapi. Kwa kawaida huwa barabarani kufikia saa nne hivi. Watatembea kwa miguu sana, na watapanda matatu kama watu wengine. Mchana hupumzika kwa chakula, halafu hurejea kazini, na usiku wanatakiwa wawe ndani kufikia saa tatu, au nusu saa baadaye iwapo wako katikati ya somo. Katika miji ambayo giza linaleta hatari, viongozi huagiza warudi mapema zaidi, na Nairobi jua linatua saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima.

Ukiisoma ratiba hiyo kwenye karatasi utadhani saa za kazi ni nyingi mno. Jiji lenyewe ndilo linalozipunguza. Nenda Umoja, Kayole au Langata saa tano asubuhi siku ya Jumatano, utakuta wenye nyumba wameshaondoka tangu alfajiri, na aliyebaki ni mfanyakazi wa nyumbani ambaye hana mamlaka ya kumkaribisha mgeni. Kwenye majengo ya ghorofa kuna geti, na kwenye geti kuna askari mwenye daftari anayetaka jina, namba ya simu na jina la mwenyeji anayekungoja, kwa hiyo ile picha ya vijana wawili wanaogonga mlango mmoja baada ya mwingine haiendi mbali pale. Isitoshe, kanuni yao inawakataza kubaki faragha na mtu wa jinsia nyingine, hivyo mama aliye peke yake nyumbani hawatamfundisha ndani hata akiwaita kwa moyo wote. Itabidi apatikane mtu mzima mwingine wa kukaa nao, au wazungumze barazani mbele za watu, au warudi mumewe akiwepo. Na huyo mume yumo kwenye foleni ya Jogoo Road, atafika saa mbili usiku, amechoka, ana njaa. Muda ambao familia nzima imekaa sebuleni na iko tayari kusikiliza ni mfupi mno, na ndiyo saa ambayo wamisionari wanatazama saa zao ili wawahi kurudi.

Kwa sababu hiyo, wakati wa mchana wataongea na watu walipo: fundi viatu, mwenye kibanda, kijana anayesubiri kazi, mlinzi mwenyewe. Watawatembelea waumini wagonjwa na wale walioacha kuhudhuria ibada. Watajitolea kazi za mikono, kama vile kufua, kuchota maji, kulima au kumsaidia mtu kuhama nyumba, na kazi hizo hawazifanyi kwa malipo. Siku hizi pia hutumia simu walizopewa kwa ajili ya kazi, wakiwasiliana na watu kwa ujumbe na mitandao ya kijamii, kila mmoja akiwa mahali ambapo mwenzake anaweza kuona kioo cha simu yake. Vijana wengi wameniambia kwamba watu waliodumu kanisani baadaye ni wale walioletwa na jirani au ndugu aliye muumini. Waliokutana nao barabarani ni wengi, ila wengi wao hawakuonekana tena.

Anachofundisha hakibadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Kuna masomo ya msingi yaliyopangwa: kwamba Joseph Smith aliitwa na Mungu kulirejesha kanisa la mwanzo, kwamba maisha ya mwanadamu yana kusudi kabla ya kuzaliwa na baada ya kufa, habari za imani, toba, ubatizo na Roho Mtakatifu, na kisha amri zinazomhusu anayetaka kubatizwa, kama zaka ya sehemu ya kumi, usafi wa ndoa na kile wanachokiita Neno la Hekima. Wakatoliki na makanisa mengine mengi hayakubaliani nao juu ya Utatu Mtakatifu na juu ya maandiko yaliyoongezwa nje ya Biblia, na tofauti hiyo ni kubwa kweli. Paroko wako akikwambia hivyo hasemi uongo. Hata hivyo, kuwalinganisha na Mashahidi wa Yehova, kama watu wengi wa Nairobi wanavyofanya wakiwaona wawili wawili na mikoba yao, ni kuchanganya makanisa mawili yenye historia na mafundisho tofauti kabisa.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo Neno la Hekima, kwa kuwa litamgusa kila siku kuliko mjadala wa Utatu. Kanuni hiyo, ambayo asili yake ni mwaka 1833, inakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Bila shaka umeshaona nyumbani kwamba kikombe chake kinarudi kimejaa. Sasa mfikirie akiwa Kenya, ambako mgeni hafiki akatulia kitini kabla chupa ya chai haijaletwa. Mama mwenye nyumba ameinjika maziwa, majani na sukari pamoja, ameyachemsha mpaka yakapanda, ameyachuja, na sasa amesimama na chupa mkononi akingoja kikombe kisogezwe. Kumkatalia huyo mama kunaweza kuonekana kuwa ni kuikataa nyumba yake. Wamisionari wazoefu hujifunza kusema mapema, wakiwa bado mlangoni, na kuomba kitu kingine kwa jina ili mwenyeji apate namna ya kuwakirimu: uji, maziwa matupu, maji ya moto yenye tangawizi, hata mchaimchai, kwa maana katazo linahusu majani ya chai yenyewe na haligusi kila kinywaji cha moto. Wageni kutoka Marekani huchukua wiki kadhaa kulielewa jambo hili. Mwanao analijua tangu tumboni, na naamini hapo ndipo atakapowafaa wenzake kuliko kitabu chochote.

Umeuliza ataishi na nani. Ataishi na mwenzake, na neno hilo lichukue kwa uzito wake wote. Kanuni inawataka wamisionari wawili wawe mahali ambapo wanaonana na kusikizana muda wote, isipokuwa bafuni na chooni na katika mazungumzo ya faragha na viongozi wao. Wanalala chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake. Wanakula pamoja, wanakwenda dukani pamoja, na mmoja akiugua, wote wawili wanabaki ndani. Mwenzake hamchagui. Anapangiwa na rais wa misheni, na takribani kila baada ya wiki sita hutangazwa uhamisho: wengine hubaki, wengine huhamia mtaa au mji mwingine ndani ya misheni. Mwenzake wa kwanza huwa mtu aliyekwisha kukaa, ambaye ndiye anayemfundisha kazi. Anaweza kuwa Mganda, Mghana, Mkenya wa Kakamega au kijana kutoka Utah ambaye hajawahi kufua shati kwa mkono. Nyumba hupangwa na kulipiwa na misheni, na mara nyingi huwa ya vyumba vichache katika mtaa wa watu wa kawaida, wakati mwingine wakiwa jozi mbili pamoja.

Waliomaliza misheni wakisimulia ugumu, wengi huanza na huyo mwenza. Kijana aliyezoea kwenda kukaa peke yake ufukweni akikasirika anajikuta hana pa kwenda. Mtu aliyemuudhi asubuhi ndiye atakayesali naye usiku. Wapo waliokaa wiki sita na mtu ambaye hawakuelewana naye hata juu ya namna ya kupika ugali. Wapo pia waliopata ndugu wa maisha, na nimemsikia Mkenya mmoja akisema kwamba kabla ya misheni hakuwahi kumwomba mtu radhi mpaka akamaliza neno. Kanuni hii inawalinda kwa kweli, hasa jijini, kwa kuwa mtu anayetembea na mwenzake haibiwi kirahisi wala hasingiziwi jambo kirahisi. Lakini mimi naona pia kwamba inamnyima kijana faragha kwa kiwango ambacho wengine hawakiwezi, na mzazi anafanya vyema kumwuliza mwanawe mapema kama amelipima hilo.

Ugumu wa pili ni kukataliwa. Watu wa Nairobi wana haraka, wana makanisa yao, na wameshachoshwa na wahubiri wa kila aina kituoni na ndani ya mabasi. Atakataliwa kwa heshima mara nyingi na kwa matusi mara chache. Atapewa miadi na watu watakaozima simu. Na kwa sababu kanisa linajulikana kuwa la Kimarekani, ataombwa nauli, karo, kazi na mdhamini wa kwenda ng'ambo, na hataweza kumpa mtu chochote, kwa kuwa wamisionari hawaruhusiwi kugawa fedha. Mwenye shida huelekezwa kwa askofu. Mmisionari Mzungu akisema hana fedha haaminiwi. Mmisionari Mwafrika huaminiwa, ila humuuma zaidi, maana anayajua maisha yale.

Chakula na fedha ni jambo la kueleza kwa kifupi, ingawa najua ndilo linalokukosesha usingizi. Mshahara hakuna, hilo mwanao amekwambia kweli. Familia za nchi tajiri huchangia kiasi maalumu kila mwezi kinacholingana popote kijana anapotumwa, na familia za kwetu huchangia kadiri zinavyoweza, kilichopungua kikajazwa na mfuko wa kanisa wa wamisionari. Yeye atapewa posho ya chakula na nauli, si kubwa, na atapika mwenyewe: ugali, sukuma wiki, ndengu, mayai, chapati kama ana mkono wa kusukuma. Waumini humkaribisha mezani mara kwa mara. Matibabu hupitia kwenye misheni. Kabla hajaondoka kutakuwa na gharama za pasi, vipimo vya afya na nguo, na hapo ndipo familia hubanwa hasa. Mashati meupe hayana haja ya kununuliwa mapya, kwani mitumba ya soko la Gikomba, Nairobi, imewavisha wengi kabla yake.

Jumatatu ndiyo siku yake ya kupumua, wanayoiita siku ya matayarisho. Asubuhi utamkuta ameinama kwenye beseni, mikono ina povu hadi kiwiko, akisugua kola za mashati sita ambazo vumbi la barabarani limezigeuza rangi, huku mwenzake akisuuza na kuanika. Watasafisha nyumba, watakwenda sokoni, watanyoa nywele, na mara nyingi watakutana na wenzao kucheza mpira. Sinema, televisheni na michezo ya video haimo, na uchumba haumo kabisa. Ni siku hiyo pia atakayokupigia simu. Hadi mwanzoni mwa 2019 wamisionari walikuwa wakiongea na wazazi mara chache sana kwa mwaka, kama Krismasi na Siku ya Mama, na nyakati nyingine ilikuwa barua na baruapepe tu. Februari 2019 utaratibu ulibadilishwa, na sasa wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani, hata ya video, kila wiki katika siku hiyo ya matayarisho. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko yenye ubinadamu mkubwa kuliko yote waliyoyafanya kwa wamisionari wao katika miaka ya karibuni. Itumie nafasi hiyo. Usiipokee simu ukiwa sokoni au kwenye kelele. Kaa chini, mtazame usoni, umwulize amekula nini na mwenzake ni nani, kwa sababu vijana waliokuwa katika dhiki wameniambia kwamba mama zao walitambua kwa kuwatazama kabla wao hawajasema.

Jumapili huenda ibadani kama waumini wote, kwa saa mbili, na Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga. Ukipata nafasi ya kufika Nairobi unaweza kuhudhuria ibada hizo, hakuna atakayekuzuia mlangoni. Hekaluni hutaingia, kwa kuwa baada ya kuwekwa wakfu huingia tu waumini wenye kibali, na nakwambia sasa ili siku ile isikuume kama dharau. Juu ya kumtembelea yeye mwenyewe, desturi yao hairuhusu wazazi kwenda kuwaona vijana wao katikati ya misheni, isipokuwa kwa sababu maalumu iliyozungumzwa na rais wa misheni.

Nimefika kwenye swali la bibi, na hapa ndipo desturi yetu na utaratibu wao vinapogongana waziwazi. Mmisionari akifiwa na mtu wa karibu, utaratibu wa kawaida unamhimiza abaki kwenye misheni na kuomboleza huko, akiwasiliana na familia kwa simu. Akitamani sana kwenda kuzika, jambo hilo huzungumzwa kati yake, wazazi na rais wa misheni, ruhusa huombwa kwa viongozi walio juu, na safari kwa kawaida hugharamiwa na familia kisha anarudi kazini. Kwa baba au mama, au ndugu wa tumbo moja, mlango huo unajulikana kuwepo. Kwa bibi ni mgumu zaidi, kwa kuwa wao huhesabu familia ya karibu kwa namna finyu kuliko sisi, ambao bibi ndiye aliyemlea mtoto na hata kumpa jina. Nimewafahamu vijana walioambiwa msiba ukiwa umekwisha, kwa uamuzi wa familia zenyewe zilizoogopa kuwavuruga, na sikuona hata mmoja aliyeshukuru kufichwa. Kutoka Nairobi hadi Mwanza ni safari ya basi ya siku moja, wala hajapelekwa ng'ambo ya bahari, na hiyo ni hoja halali ambayo mzazi anaweza kuiweka mbele ya rais wa misheni kwa adabu na mapema, bila kungoja siku ya matanga. Rais huyo huwa mtu mzima aliyekabidhiwa misheni kwa miaka mitatu pamoja na mkewe, na kuwasikiliza wazazi ni sehemu ya kazi yake.

Kuna jambo moja hukuliuliza ambalo siwezi kuliacha. Vijana wengine hurudi kabla ya miaka miwili kwa sababu ya ugonjwa, mfadhaiko wa akili, au kwa kuona tu kwamba hawawezi kuendelea. Katika baadhi ya jamii za waumini kijana huyo hutazamwa kwa jicho la aibu, ingawa viongozi wa kanisa wameshasema isiwe hivyo. Wewe uko nje ya kanisa hilo, na hilo linakupa nafasi ambayo wazazi walio ndani wakati mwingine hawana: unaweza kumwambia kabla hajafunga sanduku kwamba akirudi mwezi wa tatu au mwezi wa ishirini na nne, mlango ni uleule. Kijana anayejua hivyo hubaki kwa hiari, na akiugua husema mapema.

Kuhusu masomo, zungumzeni na chuo chake juu ya kuahirisha kabla hajaondoka, na mpate jibu kwa maandishi. Kanisa lina mfuko wa mikopo ya elimu ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya vijana wa nchi zenye kipato cha chini, hasa waliomaliza misheni, na lina pia mpango wa masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti. Hizo ni njia za kweli, ila mkopo ni mkopo na hurejeshwa, kwa hiyo asitupe nafasi ya chuo aliyo nayo akitegemea kwamba akirudi atasomeshwa.

Mwanao ana miaka 20, kisheria na kwa kanuni za kanisa hilo hahitaji saini yako ili aende. Kwamba amekuonyesha barua na kukueleza habari ya mshahara kunaniambia kwamba safari hii hataki ipite kama ulivyopita ubatizo. Kwa hiyo kaeni naye, wewe na baba yake, kabla ya siku ya safari. Mwombeni aandike kwenye daftari la nyumbani namba ya askofu wake wa Dar es Salaam na ya ofisi ya misheni ya Nairobi. Kubalianeni saa ya simu ya Jumatatu. Mwambieni kwamba habari za bibi ataambiwa siku ileile, iwe nzuri au mbaya, na mwulizeni yeye mwenyewe angetaka mfanye nini ikitokea. Kisha apewe siku za kutosha za kukaa na bibi yake, akiwa na akili yake yote pale, kabla ratiba ya watu wengine haijaanza kumpangia.